Jinsi jeni za mshikamano wa seli zinavyozuia uvimbe wa ubongo

WATU wengi hudhani kuwa uvimbe katika ubongo huanza pale seli zinapopata nguvu mpya ya kuzaliana ovyo. Hilo ni kweli kwa sehemu tu. Wakati mwingine kinachotokea ni kupotea kwa breki, na mojawapo ya breki hizo ni mshikamano wa seli na jirani zake.

Katika hali ya kawaida, seli iliyozungukwa na nyingine hupokea ishara kwamba nafasi imejaa, nayo huacha kugawanyika. Ishara hiyo hupitia protini zilizochomoza juu ya utando wa seli, ambazo hushikana na zile za seli ya jirani mithili ya vifungo vya nguo. Jeni zinazohusika zikiharibika, seli huendelea kuzaliana katikati ya msongamano kana kwamba iko peke yake.

Mfano unaofahamika zaidi ni jeni iitwayo NF2, iliyoko katika kromosomu ya 22, ambayo iligunduliwa mwaka 1993. Protini yake, merlini, haizishikamanishi seli yenyewe. Hukaa chini ya utando, mahali inapoishia mizizi ya protini za mshikamano, na kupeleka ndani habari kwamba jirani amefika. Ni kama mjumbe wa nyumba kumi: hajengi nyumba ya mtu, lakini hujua nani amehamia.

Kila mtu huzaliwa na nakala mbili za NF2, moja ya baba na nyingine ya mama, na nakala moja nzima hutosha kuilinda seli. Aliyezaliwa na nakala moja mbovu hubakiwa na breki moja tu, na seli inapoipoteza hiyo nayo, uvimbe huweza kuanza. Dalili kuu ya ugonjwa huo ni uvimbe kwenye neva za masikio yote mawili. Wengi huanza kusikia mlio masikioni, kisha usikivu hupungua wangali vijana.

Uvimbe huo kwa kawaida si saratani, maneno ambayo hufariji kuliko yanavyostahili. Fuvu la mtu mzima halitanuki, na uvimbe unaokua ndani yake unaweza kulikandamiza shina la ubongo na kuua. Upasuaji nao unaweza kuondoa usikivu pamoja na uvimbe, au kuupoozesha uso.

NF2 haiwahusu waliozaliwa na kasoro hiyo pekee. Takriban nusu ya meninjioma, yaani uvimbe wa utando unaoufunika ubongo, huwa na jeni hiyo iliyoharibika, na wengi wa wagonjwa hao hawakurithi kasoro yoyote.

Kwa upande wa glioblastoma, saratani kali ya ubongo, mwaka 2013 watafiti wa kituo cha Memorial Sloan-Kettering, New York, walieleza kuhusu jeni nyingine, FAT1. Protini yake ni ya mshikamano hasa, na huishikilia protini nyingine iitwayo beta-katenini. FAT1 ikikosekana, beta-katenini huachiwa huru na kuwasha jeni za ukuaji ndani ya kiini cha seli.

Ugumu wa tiba uko hapa: dawa huweza kuzima protini iliyozidi, lakini si rahisi kurudisha iliyokosekana. Ndiyo maana madaktari hujaribu kupitia njia za pembeni. Mwaka 2009 iliripotiwa kuwa bevacizumab, dawa inayozuia uvimbe kujiotesha mishipa ya damu, ilipunguza uvimbe wa neva za masikio kwa wagonjwa wengi kati ya 10 walioipata, na baadhi yao walisikia vizuri zaidi. Jeni yenyewe haikuguswa.

Mtoto wa mzazi mwenye ugonjwa wa NF2 anaweza kuurithi kwa uwezekano wa hadi asilimia 50. Kipimo cha damu huweza kuibaini kasoro hiyo kabla ya dalili, na vipimo vya usikivu na vya MRI hufuata kwa miaka mingi.