Je, Wajua? Mawese, Kongobololo na Kolesteroli

Je, wajua kwamba mawese hayana kolesteroli? Kolesteroli iliyomo kwenye mimea ni kidogo mno. Sehemu kubwa ya ile iliyo mwilini mwako hutengenezwa na ini lako mwenyewe. Lakini karibu nusu ya mawese ni mafuta ya aina inayoganda, na aina hiyo hulipunguzia ini nguvu ya kuondoa kolesteroli mbaya kwenye damu. Kwa hiyo lebo ya kidumu isemayo “bila kolesteroli” inaweza kusema kweli, na sombe yako bado ikahitaji mawese machache zaidi.

Kolesteroli ikipanda haiumi. Shingo kukaza au kichwa kuzunguka si kipimo chake. Kipimo ni cha damu. Anayekuuzia chupa ya majani kwa kukutazama usoni anakisia tu.

Je, wajua kwamba dawa za hospitali za kolesteroli, ziitwazo statini, zilianzia kwenye kuvu? Mjapani Akira Endo aliipata ya kwanza katika miaka ya 1970. Mwaka 1987 Marekani iliidhinisha lovastatini, nayo pia hutokana na kuvu. Ndiyo sababu siridhiki na neno “asili” likitumiwa kama cheti cha usalama. Upo mchele mwekundu uliochachushwa kwa kuvu, huuzwa kama dawa ya asili, na ndani yake mna lovastatini yenyewe. Anayeumeza pamoja na statini ya daktari anameza dozi mbili bila kujua, na misuli na ini vinaweza kudhurika. Ulaya iliuwekea mpaka mwaka 2022: chini ya miligramu 3 za kiini hicho kwa siku. Mwaka 2024 kampuni ya Kobayashi ya Japani iliondoa sokoni vidonge vyake vya mchele huo baada ya watumiaji kuugua figo.

Kitunguu saumu? Hushusha kolesteroli kidogo. Kwenye mboga hakina neno. Vidonge vyake vikali, ukiwa unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda au unangojea upasuaji, vinaweza kukuzidishia kutoka damu.

Balungi, ambalo wengine huliita pamplemusi, huzuia mwili kuvunja simvastatini, na dawa hujaa kwenye damu. Chungwa la kawaida halina shida hiyo.

Kongobololo, jani chungu tunalolijua sote Kisangani, limeshusha mafuta na sukari kwenye damu ya panya wa maabara. Kwa binadamu ushahidi ni mchache, na mgonjwa wa sukari anayechanganya maji yake na vidonge anaweza kuishiwa sukari ghafla. Tena bilauri moja si sawa na nyingine: udongo, umri wa jani na muda wa kuchemsha hubadilisha nguvu yake.

Maharage yanastahili sifa kuliko chupa nyingi za sokoni. Nyuzi zake hunasa nyongo tumboni na kutoka nayo, ndipo ini huchota kolesteroli kwenye damu kutengeneza nyongo nyingine.

Je, wajua kwamba Yangambi, kama kilomita 100 kutoka hapa ukifuata mto, kuna hifadhi ya mimea iliyokaushwa ipatayo 150,000? Kila mmoja una jina lake la kisayansi, kwa sababu jina moja la kijijini huweza kubeba mimea miwili. Basi ukienda kwa daktari, usitaje jina tu. Beba jani lenyewe, pamoja na chupa.