Nani wa lazima?



Machi 2020, korona ilipoliandama jimbo la New York nchini Marekani, gavana Andrew Cuomo alitoa amri iliyoanza kutumika usiku wa tarehe 22. Watu wabaki majumbani, na biashara zisizo za lazima zirudishe wafanyakazi wake nyumbani. Serikali ya jimbo ikatoa na orodha ya kazi za lazima. Hospitali zilikuwamo, maduka ya vyakula, famasi, dobi, mafundi bomba, wazoa taka, wanaohudumia maziko. Maduka ya pombe nayo yalikuwamo, usicheke.

Nyumba za ibada hazikufungwa kwa amri hiyo, ila zilishauriwa sana zisikusanye watu. Oktoba mambo yakakaza. Maeneo yenye maambukizi mengi yalipewa rangi: kwenye jekundu ibada isizidi watu 10, kwenye la chungwa 25, hata kama kanisa lina viti elfu moja. Maduka yaliyo katika orodha ile hayakuwekewa hesabu ya namna hiyo. Jimbo Katoliki la Brooklyn likaenda mahakamani, na Wayahudi nao wakafanya hivyo. Tarehe 25 Novemba Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ikazuia hesabu hizo zisitumike.

Sikufichi, nilifurahi. Mimi ni padre. Sikubali kwamba Misa inaweza kungoja wakati chupa haiwezi. Na nilikumbuka Luka sura ya 10, Bwana anapomwambia Martha kwamba anahangaikia mengi ilhali la lazima ni moja. Tunaipenda sana aya hiyo tunapowasihi waamini waje Kanisani. Tatizo ni kwamba ukurasa huohuo, aya chache juu yake, kuna kuhani aliyemwona mtu amelala njiani nusu mfu, akapita kando.

Huku kwetu Tanzania serikali haikufunga makanisa. Hakuna aliyetuhesabu mlangoni. Nami niliadhimisha Misa kila Dominika, tukanawa mikono, tukaomba kwa ajili ya wagonjwa wote kwa ujumla. Mjane mmoja wa jumuiya ya jirani na parokia hakuonekana kwa Dominika tatu. Nilidhani ameenda kwa wanawe. Katekista naye alidhani hivyo.

Siku ya nne ya wiki ile ya tatu nilipita kwake, tena kwa sababu nilikuwa naelekea mahali pengine. Nilimkuta amelala kitandani, amedhoofu, lakini ameoga na chumba kimefagiwa. Nikamuuliza nani anamhudumia. Akataja jina la kijana wa bodaboda anayeegesha pale kona, ambaye mimi nilikuwa nikimpita kila siku bila hata kumsalimu. Alikuwa akimletea maji, uji na dawa tangu siku ya kwanza.

"Sikutaka kukusumbua, Baba," mama akaniambia. "Najua una kazi nyingi."

Nilikosa jibu. Nikampa Komunyo siku ya pili yake. Siku hiyo sikuwa hata nimeibeba.

Nilipotoka nilimkuta yule kijana mlangoni, ndoo mbili zikining'inia kwenye pikipiki. Nikaanza kumshukuru, maneno mengi kidogo, kama ilivyo kawaida yetu mapadre. Akanisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Samahani Padre, sogeza gari. Umeziba njia, na maji yanamwagika."