Utando unaolinda mfupa wa taya ung'olewapo jino

WATU wengi wakishang'olewa jino hudhani shughuli imekwisha pindi damu inapokatika. Hawajui kwamba chini ya ufizi, mfupa uliokuwa umelishika jino hilo huanza kupungua kwa kukosa kazi. Hupungua zaidi katika miezi 6 ya mwanzo, na mwaka ukitimia huenda upana wake ukawa umebaki karibu nusu. Mtu akitaka baadaye jino bandia la kupachikwa mfupani, huambiwa hapana mahali pa kulishikiza.

Kinachosumbua ni mwendo. Nyama ya ufizi hukua haraka, mfupa hukua polepole. Pale ambapo ukuta wa mfupa umevunjika au umeliwa na ugonjwa, nyama hutangulia kuingia, na mfupa hukuta nafasi imekwisha kutwaliwa.

Mwaka 1982 Sture Nyman na wenzake nchini Uswidi walieleza jinsi walivyoweka kizuizi chini ya ufizi wa mgonjwa ili nyama isitangulie. Wazo likashika. Lakini tando zilizofuata hazikuyeyuka, na mgonjwa alilazimika kupasuliwa tena ili utando utolewe. Nani anataka kurudi kwenye kiti kile mara ya pili?

Siku hizi kuna tando zinazoyeyuka zenyewe. Nyingi hutengenezwa kwa kolajeni, ile protini inayoipa ngozi nguvu. Daktari hujaza shimo kwa chembe za mfupa, huzifunika kwa utando kama kitambaa, kisha hushona ufizi juu yake. Vimeng'enya vya mwili huukatakata utando kidogo kidogo, kwa majuma au miezi kadhaa, huku mfupa ukijijenga.

Hatari ni utando kuyeyuka kabla ya wakati. Mshono ukifunguka, bakteria wa mdomoni huushambulia na kazi yote ikaharibika. Ndiyo maana mgonjwa hukatazwa sigara, na mwenye kisukari hutakiwa kudhibiti sukari yake kwanza.

Jambo moja ambalo wengi hawaulizi: kolajeni hiyo aghalabu hutoka kwa nguruwe au ng'ombe. Msomaji ambaye dini yake inamkataza nguruwe amuulize daktari mapema, si akiwa ameshadungwa sindano ya ganzi. Ukiona usaha, au uvimbe ukizidi baada ya siku ya tatu, rudi kliniki siku hiyo hiyo.