Risiti Hazilindi Pesa

Katika ufadhili wa kuaminiana, ambao mafeministi wamekuwa wakiupigania, kikundi hupewa ruzuku ya miaka kadhaa isiyofungwa kwenye mradi mmoja. Chenyewe ndicho kinachoamua itumike wapi, na taarifa yake yaweza kutolewa kwa mazungumzo. Kila unapotajwa Mombasa, swali huwa lile lile: bila risiti, nani atahakikisha pesa haziliwi?

Swali lenyewe limekwenda kombo, kwani huchukulia kwamba risiti huzuia wizi. Hazizuii. Kitabu cha risiti huuzwa madukani kwa bei ya chai na mahamri, na muhuri huchongwa siku hiyo hiyo. Anayetaka kula pesa za warsha hakosi karatasi. Anayekosa ni mama aliyemsindikiza mjane kwa matatu kutoka Kisauni hadi mahakamani, maana makanga hatoi risiti. Basi mwizi hupita ukaguzi salama, na mkweli akarudishiwa fomu.

Pesa hulindwa na macho ya wenyewe. Katika vikundi vingi vya kuweka na kukopa, sanduku la chuma lina kufuli tatu. Funguo hushikwa na wanachama watatu, sanduku hulala kwa mwingine, na pesa huhesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Mkaguzi kutoka Nairobi hawezi kujua kama wanavyojua wao ni nani ameanza ghafla kupandisha ghorofa.

Wala Mji wa Kale wa Mombasa haukufundishwa haya na wafadhili. Vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, vya karne iliyopita, Ibinal Watan na Banu Saada miongoni mwao, viliendeshwa kwa michango ya wanawake wenyewe. Mwanahistoria Margaret Strobel, aliyevitafiti miaka ya 1970, alionyesha jinsi wanawake wa mji huo walivyotoka kwenye ngoma hizo hadi kwenye jumuiya za kudai elimu na haki mwishoni mwa miaka ya 1950. Ubadhirifu ulikuwepo: mashindano ya karamu yalikausha mifuko. Lakini pesa ziliishia kwenye sinia za pilau mbele ya mtaa mzima, si kwenye akaunti ya mtu. Wakf, yaani mali iliyotolewa sadaka ya kudumu, hutolewa mfano mara nyingi hapa, lakini si ufadhili wa kuaminiana. Humo masharti ya mtoaji hubaki palepale hata akishazikwa.

Ruzuku ya mradi ina ila nyingine: haifai siku ya dhoruba. Aprili 2015 serikali ilifunga akaunti za mashirika ya haki za binadamu ya MUHURI na HAKI Africa. Mahakama Kuu ya Mombasa iliamuru zifunguliwe Novemba. Bajeti ya warsha haina fungu la miezi kama hiyo.

Basi kikundi kinachotafuta ruzuku ya kuaminiana kijisajili kwa Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022. Mashirika yasiyo ya kiserikali yana Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika Mei 2024. Kwa dharura kuna Urgent Action Fund-Africa, Nairobi. Kwa kazi ndefu kuna African Women's Development Fund ya Accra, ambayo Hilda Tadria wa Uganda ni mmoja wa waasisi wake. Women Enterprise Fund ya serikali hutoa mikopo, nayo hulipwa. Kabla ya kutia sahihi, kikundi kiulize kama kodi ya ofisi, mishahara na nauli zinaruhusiwa, na jibu litolewe kwa maandishi.