Risasi za bei poa, ila angalia viza yako

Washikaji wa Dallas na Houston, wengi mmeshaalikwa kulenga shabaha wikiendi. AR-15 hula risasi za 5.56, mfuko ukatoboka. Ndiyo maana wenyeji hubadilisha magazini na kile kipande cha ndani kinachosukuma risasi, wakapiga .22 LR. Mtutu unabaki uleule, kwani vipenyo vinakaribiana mno. Usahihi hupungua kidogo. Kwa mazoezi si neno.

Lakini ngoja kwanza! Sheria ya shirikisho inamkataza mwenye viza ya F-1 kushika bunduki au risasi, hata ya kukodi uwanjani, hata hiyo .22 ndogo. Msamaha mmojawapo ni leseni halali ya uwindaji iliyotolewa hapahapa Marekani. Huna? Baki mtazamaji. Hii ni jinai, na unaweza kurudishwa nyumbani kabla ya digrii.