Mvua ya Aprili isiwafungie watoto ndani

Shule zinapofungwa mwezi wa Aprili, mzazi wa Nairobi hujikuta na mambo mawili kwa mpigo: watoto wamejaa nyumbani, nayo mvua ya masika imetanda nje. Wengi hukata shauri upesi. Mlango hufungwa, televisheni ikawashwa, na simu ya mama ikazunguka mikononi mwa watoto hadi chaji ikwishe.

Si rahisi kuwalaumu. Katika mitaa mingi, viwanja vilivyotengewa michezo vilinyakuliwa zamani na vikaota maghorofa. Ploti imepigwa saruji hadi ukutani, na mwenye nyumba hataki kelele kwenye ngazi. Hata hivyo, mpenzi msomaji, huu ndio msimu ambao mtoto wa mjini anaweza kupata vitu vingi vya kuchezea na kujifunzia bila wewe kutoa hata shilingi.

Anza na mvua yenyewe. Chukua chupa kubwa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka, ukate sehemu ya juu, kisha uipachike kichwa chini iwe kama faneli. Tia mawe machache ndani ili upepo usiiangushe, na maji kidogo hadi yafunike mawe na kufikia pale ubavu unapoanza kunyooka. Chora mstari hapo. Hiyo ndiyo sufuri. Bandika rula kuanzia mstari huo, kisha weka chupa mahali pa wazi, mbali na ukuta na miti. Kila siku saa tatu asubuhi mtoto asome milimita ngapi zimeongezeka, aandike kwenye daftari, na amwage maji hadi pale kwenye sufuri.

Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Mwambie mwanao apige hesabu: paa la mabati lenye urefu wa mita 5 na upana wa mita 4, likinyeshewa milimita 10, hupokea lita 200. Hiyo ni mitungi 10 ya lita 20! Katika mtaa ambao mifereji hukauka kwa wiki nzima, hesabu hiyo humwamsha hata baba aliyekuwa akisoma gazeti.

Kisha kuna udongo. Wakazi wa Embakasi na sehemu nyingi za Eastlands wanaujua vizuri ule mweusi unaonata kwenye viatu. Hufinyangika, ila huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na mtoto aliyefinyanga ng'ombe wake kwa saa mbili atalia akimkuta amekatika miguu. Dawa ni kuuchanganya na mchanga laini, kuukanda vizuri na kuukausha polepole kivulini, si juani. Wanaoishi upande wa Kabete na Westlands wana udongo mwekundu, ambao hauna matata sana.

Mvua ikikatika jioni, kumbikumbi hutoka. Kabla watoto hawajaanza kuwafukuza kwenye taa, waeleze kwamba hao ni mchwa madume na majike wanaoruka kwenda kutafuta wenzi. Wakitua hukatua mabawa, na wachache wanaosalimika huwa wafalme na malkia wa vichuguu vipya. Mabawa yakiokotwa na kubandikwa kwa gundi kwenye karatasi hupendeza sana. Kuwala ni sawa pia, kama babu na bibi walivyofanya, mradi wasiwe wametoka mahali palipopuliziwa dawa ya wadudu.

Mdudu wa kuogopwa ni yule mwembamba, mwekundu na mweusi, anayeitwa Nairobi Fly. Watu humwita nzi, lakini ni wa jamii ya mbawakawa. Haumi wala hadungi. Sumu yake imo ndani ya mwili, na ukimponda juu ya ngozi huacha malengelenge yanayochoma. Wakati wa mvua za El Nino za 1997 na 1998 aliwasumbua watu wengi nchini. Mfundishe mtoto ampulize, asimpige kofi, kisha anawe kwa sabuni na asijiguse macho.

Na mitaro? Hapo hakuna mjadala. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini, na mitaa ya kando ya mito, kama Mathare, iliumia vibaya. Mtoto asicheze karibu na mtaro au mto hata kama mvua imekatika, maana maji huweza kuja kutoka juu ambako bado inanyesha.

Siku ya jua, wapeleke msituni. Arboretum ilianzishwa mwaka wa 1907 kujaribu miti ambayo ingetoa kuni za gari la moshi, na hadi leo miti mingi ina vibao vya majina. Karura ina zaidi ya hekta 1,000. Wasimulie watoto jinsi Wangari Maathai na wenzake walivyopigwa hapo Januari 1999 wakijaribu kupanda mche, huku ardhi ya msitu ikiwa imegawiwa wajenzi. Wabebe karatasi na penseli za rangi. Jani likiwekwa chini ya karatasi na kusuguliwa juu kwa penseli, mishipa yake yote hujitokeza.

Mkikuta Nandi Flame, ule mti wa maua mekundu kama moto, okota vichipukizi vya maua ambavyo havijafunguka. Ndani mna maji, na ukitoboa ncha na kubana, hurusha kama bomba. Watoto watalowana na kucheka hadi wachoke. Maji hayo huacha madoa ya manjano yasiyotoka kwa urahisi, kwa hivyo wavishe nguo kuukuu.