Kamba ya Waya Husokotwaje?

Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Wachimba madini wa Clausthal, kwenye milima ya Harz nchini Ujerumani, waliyajua hayo kwa uchungu: pete moja ya mnyororo wa kuinulia ikiachia, mzigo wote hutumbukia shimoni. Mwaka 1834 ofisa wa migodi, Wilhelm Albert, alipata dawa. Alisokota nyaya nne za chuma kuwa uzi mmoja, kisha nyuzi tatu za namna hiyo kuwa kamba. Waya mmoja ukikatika, zilizobaki huendelea kubeba, na fundi hupata nafasi ya kuliona tatizo mapema.

Kiwandani leo kazi huanza na chuma chenye kaboni nyingi, mara nyingi cha unene wa milimita 5.5. Huoshwa kwa asidi kuondoa magamba, kisha huvutwa kikiwa baridi kupitia matundu ya kalibu ngumu, kila tundu jembamba kuliko lililotangulia. Kila kinapovutwa hukaza, lakini pia huwa chepesi kuvunjika. Ndiyo maana hupashwa joto la zaidi ya sentigredi 900, kisha huchovywa kwenye risasi iliyoyeyuka, yenye joto la 500 na ushei. Hapo chuma hujipanga upya kwa ndani, kikaweza kuvutwa tena bila kukatika. Waya wa milimita 1 unaotoka hapo huweza kuhimili takriban kilo 140.

Kisha mashine huzungusha magurudumu ya nyaya na kuzisokota kuwa nyuzi. Katika aina moja inayotumika sana, nyuzi 6 zenye nyaya 19 kila moja huzungushiwa kiini: nyaya 114 kwa jumla. Kiini hicho mara nyingi ni katani, nyuzi za mkonge. Katani hunywa grisi, na kamba inapobanwa na mzigo huitoa polepole, ikalainisha nyaya zinazosuguana kwa ndani.

Ustadi wote huo haufai kitu kamba ikitelekezwa. Anayeendesha kreni bandarini au winchi mgodini aikague kabla ya kazi na kuipaka grisi. Akiona nyaya nyingi zimekatika mahali pamoja, kutu imeingia, au unene umepungua, aiondoe siku hiyo hiyo, hata kama bosi anahimiza kazi iendelee.